Namna ya kutengeneza mafunzo ya mtandaoni kwa kutumia visa, yaani hadithi fupi za kazini, watu wasibonyeze "endelea" tu wakamaliza

Mara ya kwanza nlivyopewa kazi ya kutengeneza mafunzo ya mtandaoni kwa wafanyakazi wa hoteli upande wa Paje, huku Unguja, nlifanya kama wanavyofanya wengi, nikakaa na laptopu siku tatu nikatoa slaidi arubaini za "mawasiliano bora kazini", picha za watu wamevaa suti wanacheka, mwisho maswali kumi. Wote wakapata kumi kwa kumi. Wiki ile ile nimekaa pale mapokezi nasubiri gari, akaja mgeni kulalamika AC ya chumbani haifanyi kazi tangu jana, na binti mmoja katika wale wale wa kumi kwa kumi akamjibu kwa tabasamu zuri kabisa: dakika tano tu, fundi anakuja. Fundi mwenyewe yuko mjini, sokoni Darajani, anatafuta kapasita, na yule binti anajua.

Sasa huwezi kusema hakuelewa somo. Anajua mgeni hadanganywi. Kilichomshinda ni muhali, na muhali sisi tunaujua, kumwambia mtu usoni jambo asilolipenda ni mzigo, bora umpe dakika tano aondoke moyo umetulia, ya baadae yatajijua. Hizi stadi laini wanazoziita, kusikiliza, kukubali kosa, kukataa bila kumvunjia mtu heshima, mara nyingi mtu anazijua kichwani ila zinamkimbia pale anapotazamwa machoni. Ndo maana unamtia ndani ya kisa, achague mwenyewe, na aone kilichotokea.

Anza na malalamiko, laptopu iache kwanza

Ukimuuliza meneja anataka watu wafunzwe nini atakwambia "huduma kwa wateja" na hapo umeshapotea. Muulize watu wanafanya nini hasa kinachomuudhi, na angependa wafanye nini badala yake. Kuna mama mmoja Mmarekani, Cathy Moore, tangu 2008 anafundisha njia ya kupanga mafunzo anayoiita action mapping na kiini chake ndo hicho: anza na lengo la kazi, kisha uliza watu wafanye nini, kisha kwa nini hawafanyi, mambo ya wanatakiwa wajue nini yanakuja mwisho kabisa. Hilo swali la kwa nini usiliruke. Nshawahi kuombwa mafunzo ya waiter wazembe, kwenda kukaa jikoni saa mbili nikakuta printa ya oda mbovu, karatasi zinatoka nusu. Printa haifundishiki, tafuteni fundi.

Ukishajua tatizo ni la watu kweli, kaa na wanaofanya kazi yenyewe, mnywe chai, mabosi wasiwepo. Mimi naulizaga "hebu nihadithie siku uliyotamani uvue sare urudi kwenu". Hapo utapata visa mpaka uchoke. Andika maneno yao kama yalivyo, lakini ukija kutunga changanya, chukua kichwa cha kisa hiki na mkia wa kile, badilisha idara, badilisha jinsia. Kisiwa chetu kidogo, mtu akisoma mstari wa pili keshajua hii ni ya fulani, na huyo fulani hatokuhadithia tena kitu.

Kutunga kisa chenyewe

Hapa ndo penye kazi. Tuchukue ile ya AC. Nlivyoitunga mara ya kwanza ilikuwa hivi: saa nane mchana, Zuhura yuko mapokezi peke yake, mgeni wa chumba namba 12, mama mtu mzima, jasho linamtoka, anasema AC imekufa tangu jana usiku na jana hiyo hiyo aliahidiwa. Fundi yuko mjini, hatorudi kabla ya saa kumi na moja. Zuhura amjibu vipi?

A. "Dakika tano mama."
B. "Sio kazi yangu."
C. "Samahani sana mama, jana tulikuahidi na hatukutimiza, fundi yuko mjini atafika saa kumi na moja, je nikuhamishie chumba chengine au nikuletee feni?"

Umeona kosa? Jibu la sawa linang'aa kama taa ya uwanja wa Amani. Ni refu, lina samahani, na B hakuna mtu mwenye akili zake atakayeichagua hata kama kila siku anaisema. Ikabidi nirudi:

A. "Nshampigia fundi mama, dakika tano tu."
B. "Pole mama, ngoja nimtafute meneja."
C. "Fundi yuko mjini mama, hatofika kabla ya saa kumi na moja."

Sasa zote ni fupi, na hiyo C inauma kuisema, inaonekana kavu, muhali wenyewe umekaa hapo hapo. Ukiwapa watu hii wanagawanyika, na wakigawanyika ujue kisa kimeiva.

Kinachofata ni matokeo, na hapa tafadhali usiandike "Umekosea! Jaribu tena". Onesha kilichotokea. Akichagua A, mama anashukuru, anaondoka anatabasamu. Ndio, mpe raha kwanza, maana ndivyo inavyokuwa kweli, ndo sababu watu wanairudia. Kisha dakika arubaini baadae anarudi, safari hii na mumewe, simu mkononi anaandika, na zamu ya Zuhura bado haijesha. Akichagua B, meneja hapokei simu, mama bado kasimama pale pale anamtazama. Akichagua C mama anapandisha sauti, watu wanageuka, na Zuhura anachagua tena: ajitetee, anyamaze amsikilize mpaka amalize, au ampe chumba namba 20 ambacho kinangojewa na mgeni wa jioni. Hata jibu zuri lina gharama zake.

Maelezo ya kitaalamu, kama yapo, yaje baada ya matokeo, sentensi mbili tatu basi.

Lugha nayo. Afisi moja ilishikilia kila kitu kiwe Kiingereza kwa sababu wageni wanaongea Kiingereza, mahausikipa wakafeli wote. Nikawauliza mnapima Kiingereza au mnapima stahamala? Maneno ya mgeni yaandike kwa Kiswahili tu, kila mtu anaelewa ni mgeni. Na heshima ziwe za kwetu. Nna kisa cha supavaiza wa miaka 24 anayetakiwa kumwambia hausikipa wa rika la mama yake kwamba chumba hakikusafishwa vizuri, chaguo moja anaanza "Shikamoo bi mkubwa" halafu anamsema mbele ya wenzake, jengine anaingia kavu bila ya shikamoo lakini kamvuta pembeni. Watu walibishana saa nzima, na wale watu wazima hawakusimama upande nliodhania.

Matawi yasikushinde

Chaguo tatu kwenye hatua nne ukiacha kila tawi liende njia yake unapata miisho 81, utakufa unaandika. Acha matawi yaachane hatua moja kisha yarudi kwenye njia kuu, mama wa chumba 12 atarudi pale mapokezi saa kumi na moja vyovyote iwavyo, kinachobadilika ni amekuja na hali gani. Chora kwanza kwenye karatasi, ukiona mishale inakutisha basi na msomaji itamchosha. Kisa kimoja dakika kumi, kisizidi.

Chombo ninachokipenda ni Twine, aliitengeneza Chris Klimas 2009, ya bure, unaandika vijisehemu na kila chaguo unaliweka ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, linakuwa linki. Ukimaliza inakupa faili moja la HTML, ukibaki na maandishi tu ni jepesi, unalituma WhatsApp mtu analifungua kwenye brauza hata bando limekwisha. Lijaribu kwanza kwenye simu za wafanyakazi wenyewe, sio kwenye yako ya bei. Kasoro yake majibu hayarudi kwako, ukitaka kuona nani kachagua nini tumia Google Forms, weka kila tokeo kwenye sehemu yake na swali liwe la kuchagua jibu moja kisha uliambie kila jibu liende sehemu gani. Mtego wake ni huu: mwisho wa kila sehemu lazima uiambie inaelekea wapi, ukisahau inatumbukia kwenye ile inayofata, mimi nlisahau na waliomwambia mama ukweli wakatukanwa kwa uongo wa dakika tano. Kama mnayo Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, kuna H5P, chombo cha kutengenezea mazoezi, na ndani yake aina inayoitwa Branching Scenario, yaani kisa chenye matawi, nzuri, lakini kwa hoteli ya watu thalathini naiona mzigo.

Kabla ya kutuma, wape watu wawili wacheze mbele yako, na wewe funga mdomo. Akicheka akasema "huyu mama namjua" umepata. Akiuliza "sasa hapa nifanye nini" rudi kaandike upya. Usitume Ijumaa mchana, na mwezi wa Ramadhani usitume karibu na futari, hakuna atakayefungua.

Wakimaliza wakusanye robo saa, kila mtu aseme kwa nini kachagua alichochagua, bila hiki kikao nusu ya faida inapotea. Na kupima usipime kwa alama. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Kimarekani wa kupima mafunzo, tangu 1959 aliweka ngazi nne, watu wamependa, wamejifunza, wamebadilika kazini, kazi imepata faida, wengi wetu tunaishia ile ya kwanza. Mimi siku hizi kwenye daftari la malalamiko la mapokezi naomba waongeze safu mbili tu: mgeni kaahidiwa saa ngapi, na kimefanyika saa ngapi. Wiki mbili kabla ya mafunzo, wiki mbili baada.