Nairobi hadi Arusha kwa baiskeli, hatua kwa hatua (na hesabu ya moshi bila kujidanganya)

Wasee, tangu niweke picha za ile safari naulizwa maswali yaleyale kila siku, ulitumia baiskeli gani, ulilala wapi, hukuogopa malori, na kuna mmoja aliniuliza kama kweli hiyo ndiyo kupigana na mabadiliko ya tabianchi ama ni likizo tu nimeipaka rangi ya kijani. Nitajibu yote hapa mara moja. Njia ni Nairobi, Kajiado, Namanga, Longido mpaka Arusha, karibu kilomita 280 nikipita njia yangu, siku 3 ukiwa na miguu, siku 4 ukiwa na akili.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla ya kununua chochote

Lita 1 ya petroli ikichomwa inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita, Nairobi mpaka Arusha kilomita 270 kwa njia ya kawaida, ni lita 27, yaani kilo 62. Basi, hiyo ndiyo nimeokoa, kilo 62, na hata hiyo ni kama kweli ningeenda na gari. Kama ningekaa nyumbani nikiangalia mpira ningeokoa hizohizo bila kutoa jasho.

Sasa angalia upande wa pili. Mimi naishi Kinoo na kazi iko Upper Hill, kwenda na kurudi tuseme kilomita 24. Nilikuwa naendesha kila siku. Sasa siku 3 kwa wiki naenda na baiskeli, na kwa wiki 46 za kazi hiyo ni kilomita 3,312, lita 331, kilo kama 760. Na hiyo nimekuhesabia kama barabara iko wazi, ukiongeza jam ya asubuhi gari linakunywa zaidi. Mkenya wa kawaida kwa mwaka mzima, ukihesabu mafuta yote yanayochomwa nchini ukagawa kwa vichwa, hafiki hata nusu tani. Kwa hivyo mimi na kagari kangu, kwa kwenda kazini peke yake, nilikuwa nachoma kuliko fungu la Mkenya mmoja zima. Hiyo iliniuma kidogo.

Kwa hivyo safari ndefu kazi yake ni moja, inakuondolea woga. Ukishatoka Kajiado mpaka Namanga na upepo wa usoni, kilomita 12 za kwenda ofisini hazikutishi tena. Kama hutabadilisha hizo kilomita za Jumatatu, nenda Arusha ufurahie tu lakini usituambie habari za sayari.

Hatua ya 2: baiskeli

Usinunue mpya. Mtumba ya chuma, ile ya mlima yenye fremu nzito kidogo, inatosha kabisa, yangu ilinigharimu elfu 18 na fundi akanila elfu 4 nyingine kubadilisha cheni, waya za breki na peleti za breki. Chuma ni kizuri kwa sababu kikivunjika Bisil, kale kamji kati ya Kajiado na Namanga, kuna mtu wa kuchomelea, fremu ya kaboni ikivunjika huko utaiongelesha tu.

Vitu ambavyo nakagua mwenyewe hata kama fundi ameapa kwa mama yake: spoki zote za gurudumu la nyuma (gonga kwa kidole, zikilia sauti moja ni sawa, ikilia kama kopo iko legelege), rimu isiwe inacheza, pedo zisiwe na mlio, na boliti za keria. Keria ndiyo hufa kwanza. Fundi mmoja, simtaji, alinifungia keria na boliti fupi nikaipoteza kabla hata ya kufika Kiserian, nikafunga na waya wa uzio mpaka Kajiado kama mtu anayebeba kuku.

Hatua ya 3: mizigo

Mifuko ya pembeni ya dukani ni ghali bure. Chukua mitungi 2 ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ile ya lita 20 yenye pembe, kata upande wa juu, toboa matundu nyuma, funga kwa keria na boliti na washa pana. Mvua haiingii ukifunika na kipande cha turubai, na hakuna mwizi anayetamani mtungi. Juu ya keria funga na blada, zile za tyubu kuukuu, usitumie kamba ya nailoni maana inalegea na inaingia kwenye cheni.

Ndani: nguo pea 2, sweta (Kajiado usiku ni baridi usidanganyike), koti la mvua, tyubu 2, vifaa vya kuziba pancha, pampu, spana ndogo na alenki, kifungua cheni, taa za mbele na nyuma, rifleka, chumvi kidogo na sukari, pawabenki. Hema sikubeba, gesti ziko. Kuhusu kuchaji simu, usijipe shida ya kununua sola ya kubeba mgongoni, umeme wa Kenya karibu asilimia 90 tayari ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua, chomeka tu ukutani ulale.

Hatua ya 4: mazoezi

Wiki 6 zinatosha. Siku 3 kwa wiki kazini, Jumamosi safari ndefu, anza kilomita 40 ongeza mpaka 80. Kwa mlima nenda Limuru. Angalau mara 2 endesha ukiwa na mizigo yote, ili ujue jinsi baiskeli nzito inavyokataa kusimama ukifunga breki.

Hatua ya 5: kutoka Nairobi ukiwa mzima

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Ramani ya simu itakupeleka Mombasa Road, Athi River, Kitengela. Usikubali. Kule juu kwa Expressway baiskeli hairuhusiwi na huku chini ni malori ya simiti na matatu zinazoingia stejini bila kuangalia nyuma. Mimi napita Ngong Road, Karen, Ngong, nashuka Kiserian, halafu nashika barabara ya Kiserian–Isinya, ile ya lami, kama kilomita 40 za vilima vidogo, punda na hewa safi. Inaongeza mwendo, mpaka Kajiado unafika kilomita 90 na kitu, lakini utafika.

Toka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili uwe Kiserian unakunywa chai. Upepo wa Kajiado unaamka baada ya saa sita mchana, na ukikupiga kutoka ubavuni lori likipita linakukinga sekunde moja halafu upepo unarudi kwa nguvu na unajikuta katikati ya barabara. Ukisikia lori nyuma shika usukani kwa mikono yote miwili na usiangalie nyuma.

Hatua ya 6: miiba

Hii inataka kifungu chake. Kutoka Kajiado kwenda Namanga kila mti kando ya barabara ni mgunga, na miiba yake ni mirefu kama sindano ya gunia. Safari ya kwanza nilipata pancha 3 kabla ya chakula cha mchana, zote kwa kosa moja, nilikuwa nasukuma baiskeli kwenye nyasi nikitafuta kivuli. Sheria sasa: ukitoka kwa lami, beba baiskeli, usiisukume. Na kabla ya safari kata tyubu kuukuu kwa urefu, itandaze ndani ya tairi kati ya tairi na tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo lakini safari ya pili nilipata pancha 1 tu.

Kuziba: toa tyubu, ipulize, pitisha polepole karibu na mdomo, mdomo unasikia upepo kuliko kidole. Kwaruza na msasa, paka solushen (ile gundi ya kiraka) nyembamba, halafu ngoja. Ngoja kweli, mpaka ikauke isishike kidole, dakika 5 hivi. Watu wengi wanabandika ikiwa bado mbichi halafu wanalaumu kiraka. Na kabla ya kurudisha pitisha kidole ndani ya tairi lote, polepole, maana mwiba uliokutoboa mara nyingi bado uko hapo unakungoja.

Hatua ya 7: maji na chakula

Beba lita 4 kutoka Kajiado, jaza tena Bisil. Baada ya Bisil ni kama kilomita 60 mpaka Namanga na maduka ni ya kuhesabu mpaka ufike Maili Tisa. Usisubiri kiu. Beba chupa zako ujaze kwenye mitungi ya hoteli, weka dawa ya maji kama una wasiwasi, usiache njia ya chupa za plastiki nyuma yako.

Chakula kula kwenye vibanda: chapo ndengu, ugali, chai ya maziwa, ndizi. Kuhusu nyama choma najua nitapigwa mawe, maana Kajiado bila nyama ni kama harusi bila wali, na ndiyo, ng'ombe wanatoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Lakini mfugaji wa Bisil si mtu wa kumhubiria. Novemba 2022 nilipita hapo, mvua ilikuwa imekosa misimu minne na ule wa tano ulikuwa unaelekea huko, na kando ya uzio kulikuwa na ng'ombe waliokauka wakiwa wamelala upande mmoja, ngozi imebana mbavu, mpaka nzi walikuwa wameshaondoka. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya kwa ukame ule. Hao watu hawana gari, hawajawahi kupanda ndege, na bili ya moshi imeletwa kwao. Nilinunua chai nikanyamaza.

Hatua ya 8: miche, kama ni lazima

Kila mtu anataka kupanda mti apige picha. Nami nilifanya. Nilibeba miche 20 ya mwarobaini kwa gari la rafiki mpaka shule moja nje ya Kajiado, tukapanda mwezi wa Januari, jua linawaka. Mzee mlinzi alisimama akatuangalia mpaka tukamaliza, halafu akauliza taratibu, "Sasa kijana, maji nani ataleta, wewe na hiyo baiskeli yako?" Niliporudi Agosti nikakuta 3. Mingine ilikuwa vijiti, na mmoja mbuzi walikuwa wameubakishia jina.

Siku hizi nafanya hivi. Napiga simu kwanza, naongea na mtu atakayebaki hapo. Napanda mvua ikianza, Machi mwishoni ama mwisho wa Oktoba, si wakati nina likizo. Miche michache, 10 inatosha. Kila shimo linachimbiwa tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko ili maji ya mvua yasimame, na kila mche unazungushiwa matawi ya miiba, ile miiba iliyokutoboa tairi sasa ifanye kazi. Na pesa ambayo ningenunulia miche mingine 10 namtumia yule mzee kwa M-Pesa, ni ya maji. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 wanawake walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona, si uliopandwa. Hapo ndipo siri ilipo.

Hatua ya 9: mpaka

Namanga lala, usivuke jioni. Beba pasipoti ama kibali cha muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha pesa kwenye duka rasmi, wale vijana wa nje wana hesabu zao. Ukivuka, badilisha na ulimi pia: nilisema "leta chai" mama akaniangalia kama nimemtukana, huku ni "naomba chai, mama", na mzee unamwamkia shikamoo kabla hujauliza njia.

Longido ni kama kilomita 30 kutoka mpakani, ukiwa umechoka lala hapo, na asubuhi kukiwa safi geuka kushoto uone Kilimanjaro. Barafu yake imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, nilijua hiyo namba kwa miaka lakini kuona kofia yenyewe imebaki vipande ni kitu kingine. Halafu jiandae, Oldonyo Sambu ni mlima mrefu wa polepole, hauonekani mkali lakini unakula saa 2. Baada ya hapo unateremka, Meru iko kushoto, Ngaramtoni, Arusha.

Hatua ya 10: kurudi

Nilirudi na basi, kwa hivyo zile kilo 62 ni za kwenda tu. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga cheni na gazeti isichafue mizigo ya watu, elewana na konda bei kabla ya kupakia. Weka baiskeli mwenyewe, upande wa cheni ukiangalia juu. Jumanne yake nilikuwa kwenye Waiyaki Way saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitungi bado iko kwenye keria, askari wa geti ofisini akaniuliza kama siku hizi nauza mafuta.