Kazi ya ratiba ikae nje ya Gunicorn

Tuseme una programu ya Flask (zana ya Python ya kujenga tovuti) inayokusanya bei za sokoni kila asubuhi. Ukiwasha ndani yake APScheduler, maktaba ya kuendesha kazi kwa ratiba, kwenye kompyuta yako itakwenda vizuri tu. Ipandishe kwenye seva chini ya Gunicorn, programu inayoiendesha Flask huko, yenye `--workers 4`, yaani michakato minne: kila mchakato unaweza kuwasha ratiba yake, na bei ya nyanya ya asubuhi ikaingia kwenye hifadhidata mara nne. Nilishinda siku nzima nikikagua API inayoleta bei, kumbe haina kosa.

Itoe kazi hiyo nje. Andika amri `flask kusanya-bei`, kisha cron, kipanga-ratiba cha seva za Linux, iiite. Weka pia sharti la `UNIQUE` kwenye soko, bidhaa na tarehe kwa pamoja, ili hifadhidata ikatae bei iliyojirudia. Na saa jamani! Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu, kwa hiyo saa 12 asubuhi ya Dar es Salaam (06:00) huandikwa kwenye cron `0 3 * * *`, yaani 03:00 UTC kila siku.