Kapeti la gari limelowa: ni AC au rejeta ya hita?

Kapeti upande wa abiria likilowa usikimbilie kulaumu AC. Chovya kidole, maji ya AC hayana rangi wala harufu, ila kulanti (maji ya kupozea injini, ndiyo yanayopita kwenye rejeta ya hita) inateleza, inanukia utamu-utamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta unafuta weee hautoki. Hapo rejeta ya hita, ile ndogo ndani ya dashibodi inayopasha hewa ya kwenye gari, imetoboka, na kwa mikweche mingi kuitoa mpaka dashibodi ishuke. Sasa na joto hili la Dar hita ya nini? Injini ikipoa kabisa chomoa hozi mbili za hita pale ukutani nyuma ya injini, ziunganishe kwa kipande cha bomba ili kulanti isipite tena kwenye hita, kaza klipu, jaza kulanti, toa hewa iliyonasa kwenye mfumo wa kulanti. Ukitaka kubadilisha rejeta kweli, nenda Gerezani, mtaa wa spea za magari hapo Dar, na ile ya zamani mkononi, na hozi zilizokakamaa zitupe.