Kusawazisha mlinganyo wa nitrojeni dioksidi na maji: anza na elektroni

Juzi mpwa wangu wa kidato cha sita alinijia na daftari, ukurasa umetoboka kwa kufutwafutwa. Swali lilikuwa moja: NO₂, ile gesi ya kahawia, ikikutana na maji, mlinganyo unasawazishwaje? Alikuwa anabahatisha namba. Mimi njia hiyo siikubali kabisa, hesabu elektroni.

Hatua ya 1. Andika namba ya oksidisho (inayoonyesha atomu imehesabiwa kupoteza au kupata elektroni ngapi) juu ya kila nitrojeni, kwa penseli. NO₂ ni +4; kwenye mazao, HNO₃ (asidi ya nitriki) ni +5, NO (nitrojeni monoksidi) ni +2.

Hatua ya 2. Nani anatoa elektroni, nani anapokea? Wengi huyatazama maji. Hapana, hidrojeni na oksijeni zinabaki na namba zao zilezile. Ni nitrojeni yenyewe inayogawana: moja inatoa elektroni 1 na kupanda hadi +5, nyingine inapokea 2 na kushuka hadi +2. Kwa hiyo kila inaposhuka moja, zipande mbili:

3NO₂ + H₂O → 2HNO₃ + NO

Oksijeni 7 huku, 7 kule.

Hatua ya 3. Usitie njia mbili kwenye mstari mmoja. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima nikiwa mwanafunzi. Maji yakiwa baridi, unapata asidi mbili, ya nitriki na ya nitrasi (HNO₂):

2NO₂ + H₂O → HNO₃ + HNO₂

Ukipasha moto, HNO₂ haidumu, inavunjika:

3HNO₂ → HNO₃ + 2NO + H₂O

Mimi nikaziandika HNO₃, HNO₂ na NO zote upande wa kulia, nikaanza kusawazisha. Nikapata hii:

5NO₂ + 2H₂O → 3HNO₃ + HNO₂ + NO

Nikarudia, nikapata nyingine:

7NO₂ + 3H₂O → 4HNO₃ + 2HNO₂ + NO

Zihakiki mwenyewe, zote mbili zimelingana. Nilidhani nimekosea hesabu, nikafuta, nikaanza upya, hadi kumekucha. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Hayo ni matendo mawili yanayokwenda pamoja, na hakuna kinachoyafunga kwa uwiano mmoja, kwa hiyo majibu hayaishi. Ukiona unapata jibu jipya kila mara, weka penseli chini, urudi kwenye swali: maji ni baridi au ya moto? Kuna oksijeni? Ikiwa oksijeni ni tele, NO inageuka tena kuwa NO₂ na kurudi majini, na jumla yake ni hii:

4NO₂ + O₂ + 2H₂O → 4HNO₃

Viwanda vya asidi ya nitriki, vinavyofuata njia ya Ostwald, huirudisha NO hivyohivyo.

Hatua ya 4. N₂O₅ na N₂O₃, oksidi nyingine za nitrojeni, zisikusumbue zikikutana na maji. Ya kwanza inatoa HNO₃, ya pili HNO₂, na nitrojeni haibadilishi namba. Hakuna elektroni ya kuhesabu.

Mwalimu akiwaonyesha maabara (nyumbani usithubutu, gesi hii inaharibu mapafu), itazame neli yenye gesi hiyo, iliyopinduliwa mdomo ukiwa majini. Kahawia inafifia, maji yanapanda, juu inabaki gesi isiyo na rangi. Hiyo ni NO. Ikiguswa na hewa, kahawia inarudi palepale.