Kufunga raki za paleti: anza na mzigo, urefu baadaye

Wateja wengi huniuliza kwanza raki ipande mpaka wapi. Mimi huwauliza paleti yao ikijaa ina kilo ngapi, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuipima.

Hatua ya 1: Pima paleti. Ya Ulaya ni milimita 1200 kwa 800. Tatu zikipangwa bega kwa bega zinachukua 2400. Acha 75 kila pengo, mapengo manne, unapata bimu (chuma cha mlalo kinachobeba paleti) ya 2700. Kina cha fremu (nguzo mbili zilizounganishwa, ya mbele na ya nyuma) kiwe 1100, paleti itokeze 50 mbele na 50 nyuma.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya sakafu. Hii ndiyo inayorukwa. Paleti tatu za kilo 1,000, ngazi nne za bimu: tani 12 kila chumba, yaani nafasi kati ya fremu mbili. Fremu ya katikati hubeba nusu ya kila upande, kwa hiyo kila nguzo inashusha tani 6 kwenye bamba la chuma unaloweza kulifunika kwa viganja. Ukiweka saruji, mifuko 40 ya kilo 50, zidisha mara mbili. Godauni la zamani? Toboa zege uone unene wake. Maneno ya mwenye jengo hayabebi mzigo.

Hatua ya 3: Piga mistari kwa uzi na chaki. Upana wa njia upime kwa foklifti yako yenyewe, ikigeuka na mzigo.

Hatua ya 4: Simamisha fremu mbili, pachika bimu za chini, kisha pima kona kwa kona. Vipimo vikilingana, tumia timazi na pima maji. Penye bonde weka vipande vya chuma chini ya bamba, siyo mbao. Ndipo utoboe na kukaza bolti.

Hatua ya 5: Panda na bimu nyingine, na kila ncha itiwe pini ya usalama. Foklifti ikiinua paleti vibaya huigonga bimu ya juu kutokea chini. Bila pini, inachomoka. Agiza pini za akiba. Nimekuta misumari mahali pake.

Hatua ya 6: Bandika kibao cha uzito wa mwisho, kisha kagua kila wiki. Weka rula ya mita 1 kwenye nguzo: ikiwa imepinda zaidi ya milimita 5 kufuata njia, au 3 kuelekea ndani ya fremu, shusha mzigo uibadilishe. Usiinyooshe kwa nyundo, wala usimwite mchomeleaji.