Somo: Jinsi ya Kuchagua Saa ya Mkono Inayomfaa Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Saa ya mkono inayomfaa mtu ni ile inayojibu, kwa kutupiwa jicho mara moja tu, swali ambalo mwenyewe huliuliza mara nyingi zaidi kwa siku, na ambayo haimsumbui katika saa zote nyingine asipoitazama. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu wengi wetu huanza na jina la kampuni au na bei, kisha tukajikuta tunavaa kitu kizuri ambacho hakituhudumii.

Saa nyingi zilizopata sifa duniani zilianza na haja ya mtu fulani. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rubani Mbrazili, Alberto Santos-Dumont, saa ya kuvaa mkononi, kwa kuwa rubani huyo hakuweza kuchomoa saa ya mfukoni huku mikono yake ikiongoza chombo angani. Mwaka 1931 ilitoka saa ya Reverso, ambayo kasha lake hugeuzwa ili kioo kifichike upande wa mkono, kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakivunja vioo vya saa zao katika mchezo wa polo huko India. Naye mhandisi Kikuo Ibe wa Casio, kabla ya kutoa saa ya kwanza ya G-Shock mwaka 1983, alijiwekea masharti matatu: saa ihimili kuanguka kutoka mita 10, ihimili shinikizo la maji la baa 10 (yaani kama lile la kina cha mita 100), na betri yake idumu miaka 10. Fuateni mpangilio huohuo, haja kwanza na saa baadaye.

Hatua ya kwanza: Andika ni kwa nini unatazama saa

Kwa muda wa wiki moja, kila unapotaka kujua saa, andika kwenye karatasi ulitaka kujua nini hasa, na mikono yako ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote zinazofuata.

Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika kisha akazidisha kwa mbili anahitaji mshale wa sekunde mrefu, unaoonekana wazi na kufika kwenye vistari vya pembezoni; saa ya mishale miwili tu, hata ikiwa ya thamani kubwa, haimsaidii kwa kazi hiyo. Mwalimu anayegawa kipindi cha dakika 40 atanufaika zaidi na pete ya kuzungushwa pembeni mwa kioo, kwa sababu huiweka alama yake mahali mshale wa dakika ulipo anapoanza, na baada ya hapo husoma muda uliopita bila kufanya hesabu. Dereva wa bodaboda hawezi kuachia usukani, kwa hiyo saa yake inafaa ivaliwe upande wa ndani wa mkono au iwe na tarakimu kubwa, na mkanda wake usiwe wa kulegea katika mtikisiko. Anayeamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya swala au kwa ajili ya kuwahi basi anahitaji kengele na mwanga wa gizani kuliko anavyohitaji tarehe.

Sisi tunaohesabu saa za mchana kuanzia macheo tuna jambo letu la kuzingatia. Katika saa ya mishale, mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasoma saa moja, na ukiwa kwenye 10 tunasoma saa nne, yaani tunasoma namba iliyo upande wa pili kabisa wa uso wa saa, na jicho lililozoea huvuka huko lenyewe. Saa ya tarakimu inayoonyesha 19:00 humlazimu msomaji afanye hesabu kichwani kabla hajasema ni saa moja usiku. Kwa hiyo, kama sehemu kubwa ya miadi yako hupangwa kwa saa za Kiswahili, ninakushauri uchukue saa ya mishale; kama ratiba zako ni za ndege, meli na zamu za kiwandani zilizoandikwa kwa mtindo wa saa 24, tarakimu zitakukinga na makosa.

Hatua ya pili: Pima mkono wako

Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, kisha ulaze kwenye rula. Upime alasiri, wakati joto limeshauvimbisha mkono kidogo, kwa sababu saa iliyobana asubuhi katika mji kama Mombasa itakuwa mateso ifikapo saa tisa mchana. Mkono wa sentimita 16 kwa kawaida hupokea vizuri kasha la milimita 36 hadi 38, na mkono wa sentimita 18 unaweza kufika milimita 42.

Hata hivyo, upana wa kasha peke yake hudanganya. Kipimo kinachoamua ni urefu kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini ya yale masikio yanayoshika mkanda. Saa mbili zenye kasha la milimita 40 zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na urefu wa milimita 46 na nyingine 51, na hiyo ya pili ikaning'inia nje ya mkono mwembamba. Masikio yasivuke sehemu bapa ya juu ya mkono. Wanawake nao wasikubali kuuziwa saa ndogo kwa sababu tu muuzaji ameiweka kwenye kabati la kike. Rula ndiyo ifuatwe.

Hatua ya tatu: Jaribu kuisoma kwa mbali, kwa haraka na gizani

Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na lawama ikaiangukia saa ya dereva mmoja iliyosimama kwa dakika chache kisha ikaendelea. Sonara Webb C. Ball wa Cleveland alipewa kazi ya kuchunguza saa za wafanyakazi wa reli, na kanuni zilizofuata zilitaka namba zilizokolea kwenye uso mweupe na saa isiyopotea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Kanuni hiyo ya kusomeka bado inatufaa sote: rangi ya mishale itofautiane waziwazi na rangi ya uso, mshale wa saa usifanane na wa dakika, na vistari vya dakika viwepo. Ukiwa dukani, nyoosha mkono, tazama pembeni, kisha rudisha jicho kwa nusu sekunde. Ukishindwa kutaja dakika, iache, hata kama imekupendeza.

Hatua ya nne: Chagua mashine

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa iitwayo Quartz Astron, ya kwanza ya mkononi kuuzwa ikiongozwa na jiwe la kwatzi, kwa bei ya yeni 450,000. Leo teknolojia hiyo imo katika saa za bei ya chini kabisa. Betri hukitikisa kijiti cha kwatzi mara 32,768 kwa sekunde, na saketi huigawa idadi hiyo kwa mbili mara kumi na tano mpaka ipatikane sekunde moja. Saa ya kawaida ya aina hii hupotea kama sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ina uzito wa gramu 21 na betri inayokadiriwa kudumu miaka 7, na kwa mtu anayetaka saa sahihi, nyepesi na isiyomuumiza moyo ikipotea, sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Saa ya otomatiki, inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, haishindani na hiyo kwa usahihi. Mashine ya Seiko 7S26, iliyomo katika saa nyingi za Seiko 5, kiwandani huruhusiwa kukimbia hadi sekunde 40 au kuchelewa hadi sekunde 20 kwa siku. Hata cheti cha usahihi wa saa kitolewacho Uswisi, kiitwacho COSC, huruhusu tofauti kati ya kuchelewa sekunde 4 na kukimbia sekunde 6 kila siku. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi mara nyingi utaikuta imesimama. Anayeichagua na aichague kwa kupenda ufundi wake na kwa kuwa haihitaji betri, naye awe tayari kuirekebisha kila wiki. Kati ya hizo mbili ipo saa ya mwanga, yaani ya kwatzi inayojichaji kwa mwanga wa jua au wa taa, ambayo kwa nchi zetu zenye jua la kutosha ninaipendekeza sana kwa wanaoishi mbali na fundi.

Hatua ya tano: Maji, jasho na mchanga

Maandishi ya mita 30 nyuma ya saa hayakuruhusu kuzama mita 30. Yanamaanisha kwamba saa itavumilia mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea tafuta angalau mita 50, na ni salama zaidi 100. Kwa kuzamia na mtungi wa hewa, 200 na zaidi. Maji ya moto na sabuni huchakaza mpira unaozuia maji, kwa hiyo usioge nayo. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kitufe cha pembeni kiwe kimesukumwa ndani.

Mchanga wa pwani una chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko kioo cha kawaida, ndiyo maana vioo hujaa mikwaruzo. Kioo cha safaya ni kigumu kuliko kwatzi na hakikwaruzwi na mchanga huo, ingawa kikipigwa kwa nguvu huweza kupasuka. Kioo cha plastiki hukwaruzika upesi lakini hung'arishwa nyumbani kwa dawa ya kusugulia. Mkanda wa ngozi hulowa jasho na kunuka katika joto la pwani. Mpira, nailoni au chuma hufaa zaidi huko, na ngozi ikafaa Arusha, Iringa au Nairobi.

Hatua ya sita: Muulize fundi kabla ya kununua

Nenda kwa fundi saa wa mtaani kwako, mtajie aina unayoifikiria, na umuulize kama anapata betri, mpira na mkanda wake. Pendelea mkanda wa upana wa kawaida wa milimita 18, 20 au 22 unaoshikwa na pini, kuliko ule wa umbo la pekee ambao ukikatika saa nzima hulala kabatini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi hutumia mkono wa kushoto kuandika, na saa nikiivaa mkono huohuo kile kitufe cha pembeni hunichoma mgongo wa kiganja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Zipo saa zilizotengenezwa na kitufe upande wa kushoto, na nyingine ambazo kitufe chake kimeshushwa kwenye namba 4 ya uso wake badala ya namba 3, ambazo humwondolea mtu usumbufu huo hata avae mkono upi. Kasha dogo na jembamba nalo husaidia, na saa ya tarakimu yenye vitufe bapa haichomi kabisa.

Swali: Saa yangu ya otomatiki ilikuwa nzuri, lakini tangu mwezi uliopita inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Je, imekwisha?

Jibu: La. Kukimbia kwa ghafla namna hiyo mara nyingi huletwa na sumaku, ambayo hufanya mizunguko ya springi nyembamba ya ndani ishikane, na springi ikawa kama imefupishwa. Tazama kama huilazi usiku juu ya spika au karibu na kava ya simu yenye sumaku. Fundi mwenye kifaa cha kuondolea sumaku huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi bila kuifungua saa. Ikiendelea kukimbia baada ya hapo, ndipo isafishwe na kutiwa mafuta.

Swali: Ndugu, mshale wa sekunde wa saa yangu ya betri sasa unaruka sekunde mbili mbili. Ni ubovu?

Jibu: Saa nyingi zimetengenezwa zifanye hivyo ili kukujulisha kwamba betri inakaribia kwisha. Ibadilishe mapema, na usiiache betri iliyokufa ndani ya saa, kwa maana huvuja na kuila saketi. Mwambie fundi aukague na mpira wa kuzuia maji wakati kifuniko kikiwa wazi.

Swali: Mkono wangu huwashwa na kutoka vipele chini ya saa. Nimeambiwa nina mzio wa saa.

Jibu: Chanzo cha kawaida ni nikeli iliyomo katika kasha la bei nafuu lililopakwa rangi ya chuma, ambalo jasho hulila taratibu, au jasho na sabuni vilivyonasa chini ya mkanda. Anza kwa kuosha mkanda na kulegeza tundu moja. Vipele vikirudi, hamia kwenye kasha la titani au la plastiki na mkanda wa nailoni, na umwone daktari ikiwa ngozi imechubuka.

Swali: Nimeachiwa na marehemu baba saa ya kutia ufunguo, na fundi mmoja anataka kuing'arisha kasha na kubadilisha uso ili ionekane mpya. Nimkubalie?

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Ninakuomba usimkubalie. Kung'arisha hula chuma na kuondoa kingo za kasha, na uso ukishabadilishwa saa hiyo haitakuwa tena ile aliyoivaa mzee wako. Mwombe fundi aisafishe mashine na kuitia mafuta tu, na vipande vyovyote atakavyovitoa akurudishie uvitunze. Itie ufunguo asubuhi, taratibu, na usimame mara unapohisi ukinzani. Kama ina tarehe, usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa wakati huo meno ya tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja. Usiipeleke kwenye maji hata kama nyuma yake pameandikwa kwamba huyazuia. Mkanda na pini zake ndivyo vitu vya kubadilisha mara moja, maana pini zilizochakaa huachia ghafla na saa ikaanguka.