Kutoka Nairobi mpaka Tysso I, mtambo wa kale wa stima kule Norwe

Wengi wetu tukisikia Odda, mji mdogo wa Norwe, tunafikiria tu lile jabali la kupigia picha, Trolltunga. Sawa, lakini karibu na hapo, Tyssedal, kuna Tysso I, mtambo wa stima wa maji uliojengwa kati ya 1906 na 1918 ukingoni mwa Sørfjorden, mkono wa bahari ulioingia ndani kabisa katikati ya milima, na kama unapenda mashine mimi naona huo ndio wa kukutoa Nairobi.

Visa ni ya Schengen, omba mapema, uwe na stetimenti za benki na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Pitia Amsterdam mpaka Bergen, halafu basi hadi Odda, kama masaa matatu hivi. Nenda Juni ama Julai na bado ubebe koti la mvua, maana mvua ya Bergen haina adabu. Chakula nunua supamaketi, hoteli zao zitakumaliza.

Ukifika usikimbilie ndani. Simama nje uangalie juu, mabomba yanashuka mlimani mpaka nyuma ya jengo, maji yalikuwa yanaporomoka karibu mita 400. Piga hesabu hapo hapo kwa simu: mita moja ya ujazo kwa sekunde, mara 9.81 (mvutano wa dunia), mara 400, unapata kama kilowati 3,900 kabla ya hasara. Yaani kamto kadogo tu kakianguka kutoka juu sana kanafanya kazi kubwa.

Ndani sasa tulia. Ukumbi ni mrefu, madirisha makubwa utadhani kanisa, jengo lilichorwa na msanifu Thorvald Astrup. Uliza wakuonyeshe gurudumu la Pelton, lile linalozungushwa na maji yanayopiga vikombe, angalia vile vikombe vyake kwa karibu, kila kimoja kina ukingo mkali katikati wa kupasua maji yagawanyike pande mbili yageuke nyuma, hapo ndipo nguvu inatoka.

Stima ilianza kuzalishwa 1908, ikaenda kiwanda cha kabaidi Odda, ile ile kabaidi mafundi wa jua kali hutolea gesi ya kuchomelea. Mtambo ulizimwa 1989, siku hizi ni makumbusho.

Kama miguu iko sawa, kuna njia ya kupanda kando ya mabomba mpaka Lilletopp, kule juu yanakoanzia. Hiyo huendi peke yako, unafungwa mikanda na kuna mtu wa kuwaongoza, so buku kabla ya kutoka huku, na kama urefu unakutisha baki tu chini ukumbini.